Bima ya Mwalimu Apollinaire

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Séphora alikuwa na kazi moja. Baba yake, Apollinaire, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, moniteur kama walivyomwita, mjini Butembo. Wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara waliokaa dukani kutwa nzima, mpaka daktari akawaambia wapunguze mwili. Saa kumi na mbili Séphora aliingia katika ukumbi wa mazoezi, akakaza kwa spana bolti za mabenchi matano, ambazo baba yake aliziita boulon, kisha akaweka alama kwenye daftari kuonyesha kwamba kila benchi limekaguliwa.

Daftari hilo lilitakiwa na chama cha bima. Ulikuwa mwaka 2001, wakati wa vita, na Apollinaire hakupata kampuni ya kumwekea bima. Kwa hiyo yeye na walimu wenzake wa Butembo na Beni waliunda chama chao cha bima, ambacho watu walikiita asiransi. Kila mmoja alichanga kila mwezi, na mteja akiumia mazoezini, chama kililipa hospitali.

Jumanne moja Séphora alichelewa kuamka, na siku hiyo alikuwa na mtihani wa hesabu. Aliingia ukumbini mbio, akayatazama mabenchi kwa mbali, akaweka alama tano bila kugusa spana, akaenda zake.

Aliporudi mchana alikuta askari wawili mlangoni. Ndani, benchi la tatu lilikuwa limelala ubavu, mguu mmoja umechomoka. Asubuhi hiyo Mama Virginie, mke wa Kamanda Elikia, alikuwa amelala juu yake akinyanyua chuma. Benchi lilianguka, na chuma kikamvunja mkono mahali pawili. Sasa alikuwa hospitalini akingoja kupasuliwa.

Kamanda Elikia, ambaye alikuwa ametumwa Butembo kutoka mkoa mwingine kuongoza askari, alisimama katikati ya ukumbi na daftari mkononi. Alisema polepole, na hilo lilitisha kuliko kelele.

"Moniteur, ulisema benchi iliangaliwa asubuhi."

"Ndiyo, Kamanda," Apollinaire alijibu. "Mtoto wangu anaangalia kila siku. Alama ni hiyo hapo."

"Lakini boulon haiko. Basi, kisha ya mtoto kuangalia, kuna mutu aliitosha, akaificha. Nani alibakia humu ndani?"

Apollinaire alisita. "Muzee Syauswa tu, mlinzi wetu. Lakini yeye hawezi..."

"Mumulete!"

Askari walimtoa mzee Syauswa nyuma ya ukumbi akiwa bado ameshika ufagio. Alikuwa mkimbizi wa vita kutoka kijiji cha Alimbongo, mtu mpole asiyekuwa na neno na mtu.

"Nani alikutuma uue bibi yangu?" Elikia aliuliza.

"Hapana, Kamanda. Mimi nilifagia tu. Sikugusa kitu."

Walimfunga mikono, wakampakia kwenye gari. Walipompitisha mlangoni, Séphora alirudi nyuma kuwapisha.

Kamanda alimgeukia Apollinaire. "Siku mbili. Kama hospitali haijalipwa, wewe pia utaingia cachot, ufungwe pamoja na mlinzi wako."

Apollinaire alituma ujumbe Beni kwa simu ya upepo, akimwita Mama Thérèse, msimamizi wa chama. Hakuna aliyejua kama angefika, maana barabara ilikuwa na vizuizi vya askari.

Siku ya pili, Séphora alikwenda kwa rafiki yake Ornella. Alimweleza jambo alilofanya.

"Nyamaza," Ornella alinong'ona. "Ukisema, asiransi haitalipa. Papa yako ndiye atafungwa."

Séphora aliamini hivyo. Lakini kila alipofumba macho aliiona mikono ya mzee Syauswa ikifungwa kamba.

Alhamisi, Mama Thérèse alishuka kwenye lori akiwa mwekundu kwa vumbi. Kamanda alikuwa ameshafika. Thérèse aliinama, akalichunguza benchi kwa muda mrefu, kisha akamwita Séphora.

"Mwanangu, Jumanne ulikaza boulon hii?"

Séphora alimtazama baba yake, akatazama bunduki mlangoni.

"Hapana, Mama. Niliandika tu, nikakimbia shule. Muzee Syauswa hajui kitu."

Elikia alipiga hatua moja mbele. Apollinaire akaruka, akasimama kati yake na mtoto.

"Ni mimi mwalimu, Kamanda. Kosa ni langu." Kisha akamgeukia Thérèse. "Basi, asiransi imekwisha."

"Nani amekuambia?" Thérèse alijibu. "Tunachanga kwa sababu watu wanasahau na wanachoka. Kama hakuna anayekosea, asiransi ni ya nini? Chama kinalipa makosa. Uongo hakilipi. Ningepeleka daftari hili Beni, halafu ukweli ukatoka, chama kisingelipa, Mama Virginie angekosa matibabu, na wenzetu wasingetuamini tena. Leo nitapita hospitalini kulipa. Ila ukumbi utafungwa wiki mbili, Apollinaire, na spana utashika wewe mwenyewe. Hiyo si kazi ya mtoto."

Kamanda aliwaambia askari wake, "Kumbe hakuna mutu alimutuma. Mumufungue ule muzee."

Mama Virginie alipasuliwa alasiri hiyo, na daktari akasema mkono utapona.

Séphora na baba yake walikwenda kumpokea Syauswa kwenye lango la cachot. Alitoka akichechemea, viganja vimevimba. Séphora alipiga magoti, akaomba msamaha akilia.

"Asiransi italipa mukono wa yule mama," mzee alisema. "Siku zangu mbili za mule ndani, nani atazilipa?"

"Hakuna, Muzee," Apollinaire alisema, kisha akamwinamia binti yake. "Sikia, mwanangu. Si wewe peke yako unayeogopa kosa, sisi wote tunaogopa. Lakini ukweli uliokuwa nao Alhamisi, ulikuwa nao hata Jumanne. Siku ulizouficha, mwingine ndiye aliyeteseka. Sema mapema, hata ukitetemeka."

Syauswa alimpa Séphora koti lake alibebe, kwa sababu mikono ilikuwa inamuuma, wakaanza kupanda mlima kuelekea nyumbani.