Dakika Mbili Angani

Erlend Rendall alikutana na Merran Groat kwenye maonyesho ya mifugo mjini Kirkwall, siku kondoo wa Merran alipomtafunia tai ya shingoni. Merran, mwenye sweta ya manjano na viatu vya mpira, alicheka hadi akajishika mbavu.

"Pole! Kwa kawaida huyu hali matambara."

"Tai ya marehemu babu yangu hii!"

"Basi babu alikuwa mtamu."

Merran alitoka kisiwa cha Papay, Erlend cha Westray. Makwao yanatazamana ng'ambo ya bahari, chini ya kilomita tatu. Kuna kindege kinachovuka kwa dakika mbili, na hata vikongwe hukipanda na vikapu vyao vya mayai. Erlend hakuwahi. Akikisikia tu kikinguruma, huingia ndani na kufunga mlango. Siri hiyo aliificha, maana mwanamume wa Westray anayeogopa safari ya dakika mbili ni heri aitwe mwizi. Kiangazi chote alimfuata mpenzi wake kwa mashua.

Oktoba mashua ikapelekwa matengenezo, na mama yake Merran akatimiza miaka sitini. Erlend alialikwa kutambulishwa. Alinyoa, akavaa koti jipya, akafika hadi geti la uwanja wa ndege. Akageuka. Nyumbani akapiga simu.

"Mpenzi, ndege haziruki. Ukungu huku, hata mkono wangu siuoni."

Merran akamwita kwa jina.

"Erlend."

"Naam, roho yangu."

"Niko dirishani na darubini ya baba. Nakuona uko mlangoni kwenu, umevaa koti jipya. Jua linakuwakia."

Erlend akarudi ndani haraka, kana kwamba kujificha kungesaidia.

"Ndege imeshatua hapa," Merran aliendelea. "Mama alikwenda kukupokea na aproni yake mpya. Kama una mwingine, niambie."

"Sina mwingine!"

"Basi ni nini?"

Erlend akakata simu. Aibu ikamchoma masikio. Siku nane Merran hakupokea simu yake. Siku ya tisa alipokea mama yake Merran.

"Mama, nilidanganya," Erlend alisema kwa mkupuo. "Naogopa ndege. Nimewaonea haya nyinyi, nimeona haya hata kujitazama kwenye kioo."

"Ee mwanangu! Huyu mtoto amelia wiki nzima, kumbe ni woga tu? Njoo umwambie mwenyewe."

Kesho yake Erlend alipanda. Rubani alimuuliza uzito, kama anavyouliza kila abiria ili asawazishe ndege.

"Themanini na mbili."

"Acha kutetemeka basi, ndege inayumba."

Alifumba macho. Bahari ilipita chini, na kabla hajamaliza sala magurudumu yakagusa nyasi. Alitapika ndani ya kofia yake mbele ya abiria watatu, akashuka nayo mkononi. Merran na mama yake walikuwa wamesimama kando ya uzio. Erlend alipiga hatua nne, akaporomoka kwa magoti mbele ya Merran.

Mama akaziba mdomo. Abiria wakaacha mizigo yao.

"Erlend," Merran alinong'ona, amewiva uso, "unaniposa, au umeanguka?"

Angeweza kudanganya, na uwongo ungependeza.

"Nimeanguka," alisema. "Lakini kwa kuwa nimeshafika huku chini, Merran, utanikubali?"

Merran akavua skafu, akamfuta kidevu taratibu.

"Nimekukubali. Sasa iweke chini hiyo kofia."