Kreti ya Mzee Astère

Mwavita anauza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe, lakini anaishi mtaa wa Kinama. Kila siku anapiga soga na kutania wateja. Wiki hii hacheki. Shule nzuri imempa binti yake Nella nafasi, ila inataka cheti cha makazi kabla ya Ijumaa. Bila cheti, nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine.

Mwavita aliona njia ni rahisi. Mkono mtupu haulambwi! Alinunua kreti ya bia, akaipeleka nyumbani kwa Mzee Astère. Mzee huyo alikuwa chefu, yaani mkuu wa mtaa, kwa miaka mingi. Hata leo watu wanamwita Chefu.

"Chefu, unisainie cheti ya mutoto," alisema.

Mzee Astère aliitazama bia kwa upendo. Kisha akatikisa kichwa.

"Apana, Mama Nella. Mi si chefu tena. Nikisaini, shule itakatala."

"Lakini mukono ni ule ule! Nguvu yako ilienda wapi?"

Mzee akacheka. "Haikukuwa yangu. Ilikuwa ya kazi. Sheria ilinipa, na nilipotoka niliiacha ofisini. Sasa iko na Chanelle."

"Chanelle? Ule mwenye ananunuaga ndagala kwangu?"

"Ule ule. Kwako sokoni ni muteja. Ofisini ni chefu."

Mwavita aliona aibu kidogo, lakini hamu ya kujua ilizidi. "Basi bia nimupelekee yeye?"

"Apana! Cheti ni haki yako. Atakupa juu unaishi hapa, si juu anakupenda. Beba karangamuntu yako tu."

"Na hii kreti?"

"Hii uache. Bia ya chefu mi siwezi kunywa. Ya jirani naweza."

Kesho yake Mwavita alipanga foleni ofisini. Chanelle alimsalimu vizuri, lakini hakutaja ndagala. Alitazama karangamuntu, yaani kitambulisho chake, akauliza anaishi nyumba gani, akasaini na kupiga muhuri. Hakuomba chochote. Mwavita alitoka na cheti kifuani, furaha imemjaa. Nella atasoma!

Nje alimkuta Mzee Astère mwishoni mwa foleni, kofia mkononi. Naye alihitaji cheti.

"Chefu, pita mbele!" watu walimwambia.

"Apana," alijibu Mzee. "Chefu ako ndani."