Kosa la Sista Murugi

Lori la kabeji la Gatimu lilikuwa limeshatoka sokoni Endarasha na kushika barabara ya Nyeri, Murugi amekaa mbele na sanduku lake magotini, Theuri alipolikimbilia akadandia mlango kama utingo.

— Shuka tuongee.

— Tumeongea.

— Murugi, watu wanatuangalia.

— Waache. Jana walisikiliza, leo waangalie.

Gatimu, mtu wa adabu zake, akauliza kama asimame ama akanyage. Murugi akamwambia akanyage. Theuri akaruka kabla ya daraja, viatu vyake vya Nairobi vikazama matopeni, na hapo ndipo mchumba wa mtu alipobaki, akipigia kelele moshi wa lori.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Theuri, kijana wa hapo hapo Endarasha, alikuwa amerudi nyumbani na gari la chuo kikuu. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamekiomba chuo kiwachunguzie jambo moja: je, masista, yaani wauguzi, wakipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama kumpa mtoto anayeharisha maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, watoto watapona zaidi? Chuo kikamtuma Theuri. Theuri akachagua vijiji viwili, kimoja huku na kimoja huko, mto katikati. Upande wa Endarasha mama wafundishwe. Upande wa pili wasifundishwe, ila waulizwe tu, watoto wapimwe uzito, mwisho wa mwaka pande hizo mbili zilinganishwe.

Upande wa pili akapewa Murugi, sista wa hospitali aliyekuwa akitarajia kuolewa naye. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuandika na kuondoka. Mtoto aliyezidiwa ampeleke zahanati, lakini kufundisha hapana. Murugi alikuwa amembembeleza Theuri mara nyingi amruhusu afungue mdomo. Alikuwa anakunywa uji wa mtu, anaona mtoto wa mtu macho yamezama, na anachofanya ni kuandika. Theuri akawa anamwambia avumilie, utafiti ni utafiti. Akavumilia. Alikuwa anavuka daraja jioni akilia, lakini alivumilia.

Sasa hesabu zikaja. Watoto wa upande wa pili walikuwa wazima sawasawa na wale wa Endarasha. Daktari Hezekiah, mkuu wa utafiti huko chuoni, akataka maelezo. Theuri akaenda duka lenye simu, laini ikawa mbovu, ikabidi apaze sauti. Watu waliokuja kununua mafuta ya taa walimsikia vizuri kabisa akisema kwamba sista aliyetumwa upande wa pili lazima aliwafundisha wale mama kwa siri. Murugi akazipata habari zake kwa mwenye kibanda cha viazi.

Hilo ndilo lililomchoma. Kama angefundisha kweli, angalau angekuwa na kosa la kujivunia.

Kwao ni Kangari, kwenye majani chai, lakini huko hakutaka kwenda. Mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa wameshafika, na baba yake, Moffat, angeuliza maswali. Kanisani tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa mara mbili. Jumapili ilikuwa mara ya tatu, na mara ya tatu ndiyo hufunga. Kwa hiyo akashukia Nyeri mjini, Majengo, kwa Rukaya, mjane wa Kiislamu mwenye hoteli ya chai, ambaye alikuwa amempangisha chumba tangu alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi.

Rukaya alimsikiliza mpaka mwisho, akikanda unga.

— Mwanangu, wewe unaolewa na huyu ama na chuo kikuu?

— Hata sijui.

— Basi ujue kabla ya Jumapili.

Akampa kitanda na hakumuuliza tena. Lakini siku ya pili ikaja telegramu, na kwa kuwa Murugi alikataa kuishika, Rukaya akaisoma mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya wateja wawili:

"RUDI KABLA YA JUMAPILI. SEMA UKWELI TU NITAKUSAMEHE. THEURI."

— Atakusamehe, akasema Rukaya.

— Nimesikia.

— Nasema tu. Ni mtu mwenye huruma.

— Mama Rukaya, wacha.

— Mtu anakukanyaga mguu, halafu anakuambia amekusamehe kwa kuweka mguu hapo. Mimi niliishi na mmoja kama huyo miaka mingi. Mungu amrehemu.

Murugi alikaa nyuma ya hoteli akichambua mchele wa Mwea ambao tayari ulikuwa umechambuliwa. Alitaka kurudi na hakutaka kurudi. Alimpenda yule mtu. Alimpenda hata vile alivyokuwa akipanga kalamu zake mfukoni, jambo ambalo siku hiyo lilimkera mpaka meno.

Ijumaa asubuhi Theuri hakuja. Akaja mama yake.

Watiri aliingia na kiondo mgongoni, ndizi na viazi vitamu ndani, akakaa kabla ya kukaribishwa, akavua viatu. Akasema amekuja kumchukua mke wa mwanawe. Hasira hiyo anaielewa, hata yeye angepanda lori. Lakini tangazo la tatu haliachwi hivi hivi, watu watasema.

— Mama, mimi sikufundisha mtu, akasema Murugi. Nilikatazwa, nikakatazika.

— Najua hukufundisha. Nilifundisha mimi.

Rukaya alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

— Ulimfundisha nani? Murugi akauliza polepole.

— Si ni huyu Magdaline, binti yangu. Ameolewa upande ule, wewe umekula kwake. Mtoto wake alianza kuharisha, nikavuka daraja, nikamwonyesha vile sista wenu alituonyesha. Mama mkwe wake akaona. Akaambia dada zake. Sasa ningefanya nini, ati mjukuu wangu angojee chuo kimalize?

— Na hao wengine wote?

— Wengine wa kwetu pia wako na mabinti huko. Sisi huwaoza wapi, Murugi? Huwaoza huko. Nao wanatuletea wa kwao. Huo mto tunauvuka tukienda kubeba watoto, tukienda kuzika, tukienda soko. Ni maji tu yanapita.

Murugi akakumbuka zile nyumba. Alikuwa ameuliza kila mama anampa nini mtoto anayeharisha, na baada ya miezi ya kwanza wakaanza kumjibu maji ya sukari na chumvi. Akauliza walijifunza wapi, wakacheka, wakasema kwa watu. Akaandika: kwa watu. Theuri alikuwa ameyasoma maneno hayo na kuona kwamba ni sista anajificha.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mwaka mzima wa chuo kikuu, gari, mizani, wafadhili, na hakuna aliyeuliza wasichana wa Endarasha huolewa wapi. Wa kuuliza alikuwa Theuri, ambaye dada yake mwenyewe ameolewa huko. Aliona aibu kidogo kwamba hata yeye hakuuliza. Moyo ukamwambia arudi, amwambie yule mjinga, wacheke pamoja, waende kanisani.

Halafu akaacha kucheka.

— Mama, Theuri anajua haya?

— Nilimwambia jioni ile uliondoka. Akaweka kichwa mikononi hivi. Kisha akasema nimpe chakula.

Rukaya akatazama mlango. Murugi akatazama telegramu iliyokuwa imebanwa chini ya mkebe wa sukari. Ilikuwa imetumwa asubuhi iliyofuata.

Saa tisa gari la chuo likasimama nje. Theuri alikuwa amekuja kumchukua mama yake, na kama mambo yangekwenda vizuri, na mchumba. Alikuwa amenyoa. Akawasalimia wote, akakuta salamu zinajibiwa na Rukaya peke yake.

— Ulijua, akasema Murugi.

Theuri akamwangalia mama yake. Mama yake alikuwa anavaa viatu.

— Nilijua.

— Na bado ukaniandikia niseme ukweli.

— Nilikuwa nataka tumalize hii maneno. Murugi, nisikilize. Ukisema ni sista, chuo kinasema sawa, sista alikosea, utafiti uko sawa, wafadhili wanaongeza mwaka mmoja. Ukisema ni mama yangu, wanauliza ni nani alichagua huo mto. Ni mimi nilichagua. Kazi yangu ya chuo inaisha hapo.

— Na kazi yangu?

— Wewe utakuwa mke wangu. Kosa lako lingebaki nyumbani.

Mteja aliyekuwa akinywa chai kwa kufyonza aliacha kufyonza.

— Kwa hiyo mimi ni mahali pazuri pa kuweka kosa, akasema Murugi.

— Si hivyo.

— Ni vipi?

— Nitamwambia Hezekiah. Harusi ikipita nitamwambia.

— Harusi ikipita.

— Naapa.

Murugi akapumua kwa pua, kama mtu aliyebeba mtungi kutoka bondeni akauona umetoboka.

— Theuri, mwaka mzima umekuwa ukiniambia nivumilie. Niliangalia watoto wa watu wakikauka kwa sababu nilikuamini. Sikulalamika kwa mtu. Ulipohitaji mtu wa kulaumu hukutafuta mbali, ulinyosha tu mkono. Kesho mtoto akianguka jikoni, itakuwa mimi. Mvua ikikosa, itakuwa mimi. Nimechoka na bado sijaolewa.

— Unavunja harusi juu ya utafiti?

— Utafiti ni wako. Mimi naongea juu ya kukaa nyumba moja.

Theuri akageukia mama yake amsaidie. Watiri alikuwa amesimama, kiondo mgongoni.

— Mimi nilidhani umekuja kuomba msamaha, akasema. Kumbe umekuja kuutoa.

Akatoka kwenda kukaa garini.

Theuri akabaki katikati ya hoteli na kalamu zake. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, mchungaji ataambiwa nini.

— Wewe ndiye utamwambia, akasema Murugi. Leo, ukienda. Umwambie asisome, na umwambie kwa nini. Hiyo moja uibebe mwenyewe.

Akaingia jikoni. Rukaya akafuta meza iliyofurika chai na kumwambia Theuri, bila ukali, kwamba hoteli inafungwa mapema Ijumaa.

Jumapili hiyo mchungaji alisoma matangazo ya ndoa ya watu wengine. La Theuri na Murugi halikusomwa.

Theuri alimwambia Daktari Hezekiah ukweli mwezi uliofuata, kwa sababu mchungaji alikuwa ameshauambia ukoo mzima na ungefika Nairobi bila yeye. Hakufukuzwa. Wafadhili hawakuongeza mwaka. Ripoti ilitoka ikiwa na aya moja juu ya mto. Alifundisha chuoni mpaka mvi, akaoa mwalimu wa Karatina, wakapata watoto wanne. Watu wanasema ni mume mzuri, ila hukawia kujibu akiulizwa jambo. Hezekiah alihamia Uganda. Gatimu aliuza lori akanunua lingine bovu zaidi.

Murugi alipata nafasi ya diploma ya juu ya uuguzi, akafanya utafiti wa kichocho Mwea, kisha akarudi Kangari kuongoza zahanati. Aliolewa akiwa amepita miaka thelathini, na Abdulkadir, fundi wa mizani aliyekuwa mpwa wa Rukaya, na kwao Kangari walinuna miaka miwili, wakaacha. Rukaya alifunga hoteli magoti yalipomkataa, akahamia kwa wawili hao.

Mbuzi wa mahari Moffat aliwarudisha Endarasha. Watiri akawakataa mara mbili, mara ya tatu wakaachwa langoni. Alikufa mzee sana. Murugi alikuja kwenye maziko, akasimama na Magdaline, upande wa mabinti, na hakuna aliyemwambia asogee.