Injini Mpya ya Gerai

Gerai na mkewe Kapua wanaishi kisiwa cha Badu, kaskazini mwa Australia. Asubuhi hutoka na boti yao ndogo kuvua kambakoche. Kapua huzamia, Gerai huendesha. Jioni hula samaki na kubishana nani amechoka zaidi.

Siku moja injini ilizimika baharini. Gerai alivuta kamba mpaka bega likauma. Wapi! Wakapiga makasia hadi pwani. Watoto wakawashangilia kama washindi wa mashindano.

"Chekeni tu!" alisema Gerai.

Lakini moyoni hakuwa na raha. Sherehe ya kufunua jiwe la kaburi la marehemu baba yake, ambayo kwao ni karamu kubwa ya ukoo, ilikuwa imekaribia. Bila boti, wageni watakula nini? Na shangazi zake walioko kisiwa cha Moa watavukaje?

Boti ya jirani ikawavuta hadi Waiben, kisiwa chenye mji. Dalassa, dada yake Kapua, anauza injini za boti huko.

"Shemeji, nipe kama ile ya zamani," alisema Gerai. "Ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili na petroli. Mpya!"

"Mpya za aina ile haziuzwi tena. Sheria imekataza."

"Sheria! Wanatuonea sisi watu wa visiwani!"

"Ni nchi nzima, shemeji. Shusha pumzi."

Gerai akainama, akanong'ona. "Kuna jamaa bandarini. Anasema ataniletea mpya kutoka ng'ambo, ndani ya boksi."

"Thubutu!" alisema Dalassa. "Kuingiza nchini injini isiyoidhinishwa ni kosa. Kuiuza pia ni kosa. Forodha wakiikamata, utabaki na boksi la hewa."

Kapua akacheka. Gerai hakucheka.

"Kwani ile ina ubaya gani?" aliuliza.

"Haichomi petroli yote. Nyingine inamwagika baharini, nyingine inatoka kama moshi. Na dada yangu, mke wako wewe, anazamia humo humo."

"Ndiyo maana miwani yangu ya kuzamia hunuka petroli!" alisema Kapua.

"Basi walio na injini za zamani wazitupe?" aliuliza Gerai.

"La. Waendelee kuzitumia, kuzitengeneza, hata kuuziana hapa nchini. Katazo ni la kuingiza, na la kuuza mpya zisizofikia kiwango cha moshi. Na si kila ya mipigo miwili imekatazwa. Zipo za kisasa zilizoidhinishwa. Au chukua ya mipigo minne. Hiyo huchanganyi oili. Na popote utakaponunua, muulize muuzaji kama imeidhinishwa, kabla hujatoa pesa."

"Ya mipigo minne ni nzito."

"Kweli. Ndiyo maana tunapima boti kwanza."

Wakapima. Boti iliimudu. Wakaichukua ya mipigo minne, na ile mbovu wakamuuzia fundi anayetaka vipuri.

Petroli iliyokuwa ikiisha kwa safari moja sasa ilibaki. Wakavua mbali zaidi, wakajaza jokofu.

Siku ya sherehe Gerai aliwafuata shangazi zake Moa. Wakaketi botini na mikeka yao na keki zao. Katikati ya mlango wa bahari, shangazi mkubwa alianza wimbo wa kanisani. Wengine wakaitikia. Gerai alipunguza mwendo, naye akaimba.

Pale Badu, watu walisikia wimbo ukija juu ya maji. Wakaacha vyungu, wakateremka ufukweni kuupokea.