Ndunge Akataa Beberu wa Ntheo Achinjwe

Kila asubuhi Ndunge huanzia zizini, chai baadaye. Asubuhi hiyo, hapo karibu na Mbumbuni, alikuta mbuzi wa pili ametupa mimba wiki hiyo hiyo. Beberu mwekundu, aliyeletwa na wakwe wa binti yake, alikuwa amelala, kamasi yenye damu puani.

Kesho yake ilikuwa ntheo, sherehe ya ndoa ya binti huyo, Nzilani. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo asipochinjwa, msichana bado hajaolewa.

"Tumchinje sasa kabla hajafa," alisema shemeji yake Mbithi, akinoa kisu.

"Mbuzi mgonjwa hachinjwi hapa."

"Shemeji, umesomea udaktari lini? Babu zetu walikula hata mizoga, wakazeeka."

"Wale ambao hawakuzeeka utawauliza wapi?"

Mbithi aliweka kisu chini akunje mikono ya shati. Ndunge akakiokota, akakifunga kwa leso, akakiweka kitini na kukikalia. Mbithi alibaki amesimama. Mwanaume gani atamnyanyua mke wa kaka yake kitini?

Ndunge akampigia simu Kavindu, daktari wa mifugo. Alifika kwa bodaboda, akavaa barakoa na glavu, akachukua damu ya beberu apeleke kupimwa.

"Nashuku homa ya Bonde la Ufa," alisema. "Mvua ikizidi, mbu huieneza kwa mifugo. Mtu huipata akigusa damu au mimba iliyotupwa, au akinywa maziwa mabichi. Anayechinja ndiye yuko hatarini zaidi."

"Si nitaenda hospitali?" Mbithi aliuliza.

"Vitanda vimejaa wagonjwa wa korona, mzee. Na homa hii haina dawa ya kuiua. Wengine huvuja damu hadi kufa."

Mbithi alikunjua mikono ya shati polepole. "Na wakwe tutawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi," alisema Ndunge.

Baba mkwe wa Nzilani, Jonah, alifoka kwenye simu. "Mbuzi wetu mnamkataa?"

"Namkataa. Wewe sikukatai, ndiyo maana sitaki ule huyo."

Beberu alikufa mchana, na ntheo ikaahirishwa. Walivaa glavu, wakamzika kwenye shimo refu pamoja na zile mimba. Majibu ya damu yakathibitisha homa. Wakalala ndani ya neti, wakachemsha maziwa, wala hawakuuza mbuzi hata mmoja mpaka Kavindu aliporuhusu. Hakuna mtu wa boma lile aliyeugua.

Miezi miwili baadaye Jonah alileta beberu mwingine wa ntheo. Mbithi akamzuia langoni.

"Haingii kabla Kavindu hajampima. Ukitaka kukasirika, kasirikia huko nje."