Makaimu wa Barazani

Ukuta wa sebuleni ulipowaka, benchi la Nyemo lilirefuka. Lilianzia kwenye ubao halisi aliokalia yeye, likaendelea ndani ya ukuta kwa mbao za nuru, na juu yake wakaketi rafiki zake wa chuo: Nakijwa akiwa kwake Same, Hamduni akiwa machimboni Mwezini. Ungeapa kwamba ukinyoosha mkono utamshika mwenzio bega. Mtambo huo uliitwa Barazani, na katika Dodoma ya miaka hiyo ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyokuwa nao.

Nyemo alikuwa mhandisi wa mitego ya umande, minara inayokamua maji kutoka hewani. Kutwa alishinda juu ya minara peke yake, na upepo ndio uliokuwa wa kuongea naye. Ndiyo maana aliipenda Barazani. Alipenda hata kasoro zake. Nakijwa angekatiza hadithi na kukimbilia jikoni, maharage yanaungua. Senzige, mumewe, angepita nyuma yake akitafuta miwani aliyoivaa. Na kwa kuwa sauti ya Hamduni ilisafiri kutoka Mwezini, utani wake ulichelewa kidogo kila mara. Ulitua wenzake wakiwa wamekwisha kuhamia jambo jingine, nao wakacheka zaidi kwa kuchelewa kwake kuliko kwa utani wenyewe.

Kisha kampuni iliyomiliki Barazani ikatangaza maboresho. "Hakuna tena nafasi tupu," lilisema tangazo. Kuanzia hapo, mtu asipotokea, kaimu angekaa mahali pake: akili mnemba iliyojifunza sura yake, sauti yake na tabia zake. Mwanzoni kila kaimu alivikwa duara la buluu kichwani ili ajulikane. Baadaye duara likaondolewa. Watu hawalipendi, kampuni ilisema.

Nyemo hakuweza kusema ni lini hasa utamu uliisha. Mazungumzo yalikuwa mazuri, mazuri mno. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyenuna, na maharage hayakuungua tena. Alianza kuwasha ukuta kwa mazoea tu, kama mtu anayekula bila njaa.

Jioni moja Hamduni alitoa utani, ukatua palepale ulipotakiwa. Nyemo alicheka, kisha akakatiza kicheko.

"Hamduni, leo uko wapi?"

"Mwezini, dada. Nitakuwa wapi tena?"

Jibu lilimfikia kabla hajafumba mdomo. Hakuna sauti inayotoka Mwezini upesi namna ile. Akamgeukia Nakijwa, aliyekuwa akitabasamu.

"Na huko kwako? Senzige hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimia sana."

Nyemo akauzima ukuta. Benchi likarudi kuwa fupi. Wiki zikapita hajauwasha, na kadiri alivyozoea kimya ndivyo alivyomtamani Nakijwa mwenyewe, yule wa kununa na kuunguza maharage. Alipopata kazi ya kukagua mitego ya umande huko Same, hakumtaarifu mtu. Alipanda treni ya sumaku asubuhi, akamaliza ukaguzi, na alasiri akabisha hodi mlangoni kwa rafiki yake.

Nakijwa alifungua. Alikuwa amekonda, na kichwani alijifunga kitambaa cheusi.

"Ndiyo umekuja leo?"

"Nimekuja kukuona, mwenzangu. Kwani kuna nini?"

"Senzige tumemzika tangu masika, Nyemo. Usiniulize kuna nini."

Nyemo alishika mwimo wa mlango.

"Siku ile ile niliketi Barazani nikakuambia," Nakijwa aliendelea. "Ulilia nami. Kila jioni umekuwa nami, unaniombea, unanikumbusha kula. Nilikuwa najiuliza tu, mtu anayenipenda hivi, msibani mbona hakuja?"

"Sikuambiwa. Nakuapia, sikuambiwa! Nilikuuliza habari zake, ukasema hajambo, ananisalimia."

"Mimi? Niseme hivyo, mimi?"

Walisimama wakitazamana, na polepole mambo yakawafungukia. Makaimu hawakuwekwa kwa ajili ya waliokosekana tu. Ukuta ulimpa kila mtu rafiki ambaye angemfanya asiondoke: Nyemo alipewa Nakijwa mwenye furaha, Nakijwa akapewa Nyemo mwenye machozi. Jioni zote zile, kabla Nyemo hajauzima ukuta wake, waliketi saa ile ile, kila mmoja akimwita mwenzake, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Nakijwa akampeleka shambani, nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, saruji yake bado mpya. Nyemo alitafuta la kusema. Alimfahamu Senzige tangu ujana wao, alicheza kwenye harusi yake, lakini maneno yalimkimbia. Alisema "pole," akarudia "pole," kisha akalia vibaya, kwa kwikwi, kamasi zikimtoka. Nakijwa alimwangalia kama anayemwangalia mgeni.

Wakiwa bado kando ya kaburi, ukuta wa Nakijwa ndani ya nyumba ukawaka wenyewe kwa saa yake ya kila siku. Dirishani ikatoka sauti, na Nyemo akaitambua: ilikuwa yake. Ilimtaja Senzige kwa jina. Ilikumbuka jinsi alivyokuwa akicheka, ikaomba alale pema, taratibu, kwa maneno yaliyonyooka ambayo Nyemo hakuwa nayo.

"Mzime," alinong'ona. "Nakusihi, mzime."

"Nikimzima, kesho atakuja nani?"

Nyemo alitaka kusema, "Mimi." Treni yake ya kurudi Dodoma ilikuwa asubuhi, na minara ilikuwa ikimngoja. Nakijwa alilisubiri jibu hilo. Alisubiri kwa subira ya mtu aliyekwisha kuchoka, hadi sauti ile ikamwita kutoka ndani, kwa upole.

"Samahani," Nakijwa alisema, akijifunga khanga vizuri. "Naitwa."

Akaingia ndani.