Injini Iliyowashwa Nchi Kavu

Asubuhi ile injini ya boti haikuwaka. Nahodha alivuta kamba mpaka bega likauma. Wapi!

Alitakiwa kumpeleka mama mkwe wake hospitali, ng'ambo ya mto. Mama ana pumu, na dawa zake zilikuwa zinakaribia kwisha.

"Tumwite kaka," mkewe akasema. "Si fundi?"

Kaka yake ni fundi pikipiki. Tena hodari, hilo sibishi. Lakini injini ya boti hakuwahi kuifungua. Nahodha alilijua hilo, akakubali. Utamkataaje shemeji yako mbele ya dada yake?

Shemeji akaja na spana zake. Akaifunga injini kwenye benchi uani, akasafisha plagi, akavuta kamba. Injini ikanguruma. Akaiacha ingurume muda mrefu, watoto wanapiga makofi, yeye anachekelea kama bwana harusi.

"Umeona, shemeji? Injini ni injini tu!"

Jamani, ingekuwa hivyo!

Wakairudisha injini kwenye boti, wakapanda wote wanne. Walipofika katikati ya mto, injini ikatoa moshi, ikazima. Mkondo ukaanza kuwachukua. Mama akakohoa, akashika kifua. Pumzi zikawa za kutafuta. Binti yake akaangua kilio. Shemeji akanyakua kasia, akapiga maji kwa nguvu zake zote huku machozi yakimtoka. Huyo ni mama yake mzazi.

Jirani yao mwenye boti ya mizigo aliwaona. Akawafungia kamba, akawavuta mpaka ng'ambo. Mama akalazwa, akawekewa oksijeni. Walikaa nje ya wodi mpaka muuguzi alipotoka na kuwaambia amepata nafuu.

"Nani aliitengeneza ile injini?" jirani akauliza.

"Mimi," shemeji akajibu kwa sauti ndogo.

Jirani hakumgombeza, akamgeukia nahodha. "Ukitaka fundi, waulize wenye boti wenzako. Nani anawatengenezea? Ubovu uleule haurudi? Kisha nenda kwenye karakana yake. Muulize kazi alijifunza wapi, na kama injini ya aina yako anaijua."

Wakaelekezwa kwa fundi mmoja mwanamke. Cheti chake kilikuwa ukutani. Hakukimbilia spana, alianza na maswali.

"Mliiwasha nchi kavu?"

"Niliiwasha mimi," shemeji akasema.

"Pole, kaka. Injini ya pikipiki yako inapozwa na upepo. Hii inapozwa na maji ya mto, yanayovutwa na pampu. Ikikosa maji, mpira wa pampu unaungua. Mliingia mtoni pampu imeshakufa."

Akaweka mpira mpya, akawapa ule ulioungua wauone. Halafu akaitumbukiza injini kwenye pipa la maji, akaiwasha. Mchirizi wa maji ukatoka ubavuni.

"Uangalieni huu kila safari. Ukikatika, zimeni palepale, mshike kasia."

Siku mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alifika ukingoni akasimama. Hakupanda. Nahodha aliwasha injini, mchirizi ukatoka. Mama bado kasimama, anamtazama mwanawe.

"Umeitengeneza wewe?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Hii siijui. Ameitengeneza fundi wa boti."

Mama akanyoosha mkono.

"Haya, nishike nipande."